Edwin Link, fundi wa vinanda aliyetengeneza ndege isiyoruka

Kila piloti wa ndege kubwa ya abiria, hata yule anayetua ku Luano hapa Lubumbashi, alikaa kwanza saa nyingi ndani ya ndege isiyoruka. Ni kama chumba kidogo kilichosimama juu ya miguu ya chuma. Ndani muko viti, saa za kupimia na fimbo ya kuongozea, lakini chenyewe hakitoki mahali pake. Kinainama, kinapanda, kinatikisika, na mutu aliye ndani anasikia sawa yuko kati ya mawingu. Akikosea haanguki. Anaanza tena.

Mutu aliyeleta mashini ya namna ile ulimwenguni hakuwa profesa wala mukubwa wa jeshi. Alikuwa fundi wa vinanda, na aliitengeneza kwa vyombo vya vinanda, ndani ya chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake. Jina lake ni Edwin Albert Link, Mumarekani. Tunaeleza maisha yake leo kwa sababu sisi watu wa mugodi tunajua vizuri bei ambayo mutu analipa akijifunza kazi ya hatari kwa kukosea.

Utoto kati ya vinanda

Edwin Link alizaliwa tarehe 26 Julai 1904 ku Huntington, katika jimbo la Indiana, inchi ya Marekani. Alipokuwa na miaka sita, baba yake alinunua kampani moja ya vinanda iliyokuwa imeanguka, ku Binghamton, jimbo la New York. Jamaa yote ikahamia kule. Baba akaisimamisha tena ile kampani na kuipa jina la jamaa: Link.

Kiwanda kilitengeneza vinanda vya namna mbili. Ya kwanza ilikuwa vinanda vikubwa vya upepo, vyenye mabomba kama vile vya kanisa, lakini hivi viliwekwa ndani ya nyumba za sinema. Zamani zile sinema haikuwa na sauti. Mutu alipiga kinanda chini ya picha ili watu wasichoke. Namna ya pili ilikuwa piano zinazojipiga zenyewe. Unatia feza ya chuma, karatasi ndefu yenye matundu inaanza kuzunguka, na nyimbo inatoka bila mutu kugusa kitu.

Hapa tusimame kidogo, maana siri yote ya Link iko ndani ya ile piano. Ndani yake pampu inanyonya upepo bila kupumzika. Tundu la karatasi likipita mahali pake, upepo kidogo unaingia, mulango mudogo unafunguka, mvukuto mudogo unanyonywa, unajikunja na kuvuta nyundo ya piano. Tundu moja, sauti moja. Mutoto Edwin alikomaa akifungua vitu vile, akivisafisha, akibadilisha ngozi zilizopasuka na mipira iliyozeeka. Kwa masomo hakuwa wa kwanza, na hakufika ku univesite. Lakini mikono yake ilijua mivukuto sawa vile mikono ya mutengenezaji wa saa inavyojua meno ya saa.

Saa moja ya dola 50

Mwaka wa 1920 Edwin alikuwa na miaka 16 na alikaa kwa muda ku California. Kule aliona ndege, na roho yake ikakamatwa. Akalipa dola 50 kwa somo la saa moja. Zamani zile dola 50 zilikuwa feza nyingi sana, hata kwa mutu mwenye kazi. Uwanja ulikuwa wa Sydney Chaplin, ndugu wa yule Charlot wa sinema ambaye wote tunamujua.

Mwalimu akamupandisha, kisha akafanya michezo yake: akageuza ndege kichwa chini, akaishusha kwa kuizungusha, akapita karibu na vichwa vya watu. Saa ikaisha. Walipotua, kijana alikuwa hajagusa fimbo ya kuongozea hata mara moja. Feza imekwenda na somo hakuna. Edwin akaona kwamba ile haiko namna ya kufundisha mutu.

Lakini tufahamu vizuri shida ya mwalimu. Ndani ya ndege ya kweli, mwanafunzi akipewa fimbo na akakosa, wote wawili wanakufa. Asipopewa, hajui kitu. Kila mwalimu wa kazi ya hatari anajua fundo hili. Kijana anayeshuka shimoni mara ya kwanza, utamuachia mashini au utamuacha aangalie paka kwa macho?

Edwin aliendelea kujifunza pole pole, kila alipopata feza. Kisha akanunua ndege yake mwenyewe, Cessna moja. Akaanza kuzunguka nayo miji na vijiji, akipandisha watu kwa kulipwa na kufundisha wale waliotaka. Mchana alikuwa mu hewa, lakini kichwa chake kilikuwa kinarudia swali moja: mutu anaweza kujifunza kuruka akiwa angali chini, kwa bei ndogo, bila kuvunja shingo?

Miezi 18 katika chumba cha chini

Mbele yake wengine walijaribu. Ku Ufaransa, karibu mwaka wa 1910, watu wa kampani Antoinette walichukua nusu ya pipa, wakaiweka juu ya nusu nyingine, wakakalisha mwanafunzi juu, na wenzake wakaisukuma kwa mikono ili ajifunze kuisimamisha sawa. Wazo lilikuwa zuri, lakini pipa inasukumwa na watu. Haijibu mikono ya yule aliyekaa juu. Ndege ya kweli inajibu. Ukivuta fimbo, inapanda. Ukisukuma, inashuka. Link alitaka mashini inayojibu.

Mwaka wa 1927 alianza kutengeneza, katika chumba cha chini cha kiwanda cha Binghamton. Hakuwa na kampani kubwa nyuma yake. Alikuwa na vitu vilivyokuwa karibu: mbao, mivukuto, mabomba, milango midogo ya upepo, pampu na motere ya umeme, vyote vya vinanda. Alitengeneza mwili wa ndege mudogo wa mbao, wenye kiti kimoja, na mabawa mafupi na mukia ya kuonyesha tu. Ukiutazama kwa mbali ungesema kitu cha watoto kuchezea.

Nguvu ilikuwa chini ya kiti. Wazee wetu walioyeyusha shaba ya Katanga walitumia mivukuto: ngozi ya nyama wa pori, na mikono ya kijana ya kusukuma upepo ndani ya moto. Link naye aliweka mivukuto minne, lakini alitumia kwa kinyume: yake haikupuliza, ilinyonywa. Pampu ilivuta upepo kutoka ndani. Mvukuto ukinyonywa unajikunja na kuvuta chini kile kilichofungwa juu yake. Ukirudishiwa upepo wa inje, unajaa tena na kuinuka.

Mwili wa ndege ulikaa juu ya kiungo kimoja cha katikati, kinachoweza kuinama pande zote. Mvukuto mumoja ulikuwa mbele, mumoja nyuma, mumoja kuume na mumoja kushoto. Fimbo ya piloti ilifungwa kwa milango ya upepo. Mwanafunzi akisukuma fimbo mbele, mulango wa mvukuto wa mbele unafunguka upande wa pampu, mvukuto unajikunja, na pua ya ndege inashuka. Wakati ule ule mvukuto wa nyuma unapata upepo na kuinuka. Akivuta fimbo, pua inapanda. Akiipeleka kuume, ndege inalala kuume. Na kwa kugeuka, Link alitumia motere nyingine ya piano, isiyo na umeme wala mafuta: mivukuto midogo inayojikunja mumoja nyuma ya mwengine na kuzungusha chuma kilichopindika, sawa miguu ya mutu juu ya kinga. Mwanafunzi akikanyaga kwa muguu, ndege yote inazunguka juu ya musingi wake.

Kukawa na kitu kimoja tena. Hewa ya kweli haitulii. Inapiga ndege huku na huku. Link akaongeza chombo kilichotikisa mashini chenyewe, mara upande huu mara upande ule, ili mwanafunzi ajifunze kuirudisha sawa kila mara. Alifanya, akavunja, akafanya tena. Vipimo havikuwa katika kitabu chochote. Alikaa mwenyewe ndani, akalinganisha na Cessna yake, akashuka kubadilisha upana wa tundu moja au ugumu wa ressort moja. Kazi ilimaliza karibu miezi 18. Mwaka wa 1929 mashini ilikuwa tayari.

Mchezo wa feza ya chuma

Sasa uza, kama unaweza. Watu wa ndege waliitazama wakacheka. Jeshi halikuitaka, mashule ya ndege nayo vilevile. Nani atajifunza kuruka ndani ya kisanduku cha mbao?

Wale walioitaka walikuwa wenye viwanja vya michezo, mahali watu wanapokwenda siku ya mungu na watoto. Waliona kinyume: kitu cha kufurahisha. Unatia feza, unapanda, unatikiswa, unashuka ukicheka. Karibu mashini 50 za kwanza ziliuzwa hivyo. Hata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, iliyotoka mwaka wa 1931, ilisema wazi kwamba ni chombo cha kufundisha mapiloti na tena cha kuchezea.

Wakati ule ule kiwanda cha baba kilikuwa kinakufa. Sinema yenye sauti ilikuwa imefika, na hakuna tena nyumba ya sinema iliyotaka kununua kinanda. Mwaka wa 1929 shida kubwa ya feza iliangukia Marekani yote. Vinanda vikaisha. Kati ya vyote vilivyokuwa mule, kisanduku kilichochekwa njo kilichobaki na kesho.

Edwin akafungua shule yake ya ndege. Wanafunzi walikaa kwanza ndani ya kisanduku, kisha wakapanda ndege ya kweli, na saa za ndege ya kweli zikapunguka. Alitafuta feza pia kwa namna nyingine za kifundi: alifunga taa chini ya mabawa ya ndege, zikawashwa na kuzimwa na karatasi ya matundu kama ya piano, na usiku watu wa miji wakasoma matangazo ya biashara juu angani. Mwaka wa 1931 alioa Marion Clayton, mwandishi wa gazeti. Marion alishika upande wa makaratasi na hesabu, na kisha akaandika vitabu juu ya kazi zao. Bila yeye, kampani ingalikufa mapema.

Tena Link aliona kwamba mashini yake inaweza kufundisha jambo kubwa kuliko kusimamisha ndege sawa. Ndani ya mawingu, mutu hajui tena juu ni wapi. Masikio na mwili vinamudanganya. Anasikia kwamba anakwenda sawa, kumbe anazunguka na kushuka. Aliyewahi kuzimikiwa na taa chini ya udongo anajua namna mwelekeo unavyopotea upesi. Dawa yake ni moja: kuacha kuamini mwili, kuamini saa za kupimia. Link akaweka saa zile ndani ya kisanduku na kufunika kichwa cha mwanafunzi kwa kifuniko, asione kitu cha inje. Ku meza ya mwalimu kukawa na chombo kidogo chenye magurudumu matatu, kilichotembea juu ya karata ya inchi na kuandika kwa wino njia yote aliyofuata mwanafunzi. Mafundi walikiita kaa, kama yule nyama wa bahari. Mwanafunzi akiinua kifuniko, anaona mwenyewe mahali alipopotea.

Barua na maiti

Katika Februari 1934 Prezida Roosevelt alivunja mapatano na kampani zilizobeba barua za posta kwa ndege. Kazi ile akaipa jeshi. Ilikuwa wakati wa baridi kali, teluji na ukungu. Mapiloti wa jeshi walikuwa vijana hodari, lakini wengi wao hawakufundishwa kuruka bila kuona, na ndege zao hazikuwa na vyombo vya kutosha. Wakaanza kuanguka. Wengine walikufa hata mbele kazi haijaanza, wakiwa wanajaribu njia. Kwa miezi michache vijana zaidi ya 10 walikufa, juu ya mifuko ya barua. Marekani yote ikalia, na magazeti yakauliza wakubwa wa jeshi: mulituma watoto bila kuwafundisha?

Basi wale wakubwa wakakumbuka kisanduku cha Binghamton. Wakapanga kukutana na Link ku uwanja wa Newark. Siku ile ukungu ulikuwa mzito, na maofisa waliomungojea walikuwa karibu kurudi, wakijua hakuna mutu atakayetua katika hewa ya namna ile. Mara wakasikia motere. Link alikuwa anashuka ndani ya ukungu, akiongozwa na saa za kupimia peke yake. Akatua, akatoka, akawasalimu. Haikuhitaji maneno mengi tena. Jeshi likanunua mashini sita, kila moja dola 3.500.

Uchungu wa habari hii uko pale. Mashini ilikuwa tayari miaka mitano. Iliuzwa kwa watoto wa kuchezea, na wale waliokuwa na lazima nayo waliicheka. Ilibidi vijana wazikwe kwanza, njo waone maana yake.

Kisanduku cha buluu kinakwenda vitani

Nyuma ya hapo maombi yalitoka kila upande. Jeshi la maji la Japani lilinunua, Uingereza ikanunua, na kampani za ndege za abiria zikaingia nazo. Edwin na ndugu yake George walisimamisha kampani mpya, na wakafungua kiwanda kingine ku Gananoque, inchi ya Canada.

Vita vya pili vya dunia vilipowaka, mataifa yalihitaji mapiloti wengi kwa muda mufupi. Kiwanda cha Binghamton kilifika kutoa mashini moja kila dakika 45. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya 10.000, na zaidi ya vijana 500.000 walipita ndani yake. Mwili wake ulipakwa rangi ya buluu, na vijana waliiita kisanduku cha buluu. Wengi waliichukia, juu ya jasho walilotoa chini ya kile kifuniko. Lakini walitoka hai.

Uingereza iliomba pia namna ya kufundisha mapiloti kuvuka bahari usiku kwa kufuata nyota. Link, pamoja na bwana Weems aliyekuwa mwalimu mukubwa wa elimu ile, alitengeneza mashini iliyokaa ndani ya nyumba ya muviringo, yenye urefu wa karibu metre 14 kwenda juu, na mbingu ya taa ndogo zilizotembea sawa nyota. Jamaa yote ya watu wa ndege ya vita ilifanya mazoezi mule pamoja.

Mwaka wa 1954 Link aliuza kampani yake kwa kampani kubwa zaidi. Jina likabaki. Hata watu wa Apollo waliokwenda ku mwezi walijifunza ndani ya mashini zilizotoka mukono wa kampani ile.

Kutoka mawinguni kwenda chini ya maji

Mwengine angalikaa na feza zake. Link alikuwa na miaka 50 tu, na jicho lake likageukia bahari. Akatengeneza merikebu yake, Sea Diver, na pamoja na Marion wakaanza kutafuta merikebu za zamani zilizozama. Mwaka wa 1959 walichunguza Port Royal, mji wa Jamaica uliomezwa na bahari kwa tetemeko la inchi mwaka wa 1692. Waliokota huko saa ya mufukoni, na ilionekana kwamba mishale yake ilisimama karibu dakika 17 mbele ya saa sita ya muchana.

Kisha akauliza swali lingine: mutu anaweza kukaa na kutumika chini ya bahari, siyo dakika, bali siku nzima? Akatengeneza nyumba ndogo ya alumini, sawa pipa ndefu. Katika Agosti 1962, yeye mwenyewe, akiwa na miaka 58, alikaa ndani yake saa nane, metre 18 chini ya maji, ku Villefranche, inchi ya Ufaransa. Siku chache nyuma, Mubeleji Robert Sténuit alikaa zaidi ya siku moja kwa metre 61. Mbele ya hapo hakuna mutu aliyefanya hivyo. Mwaka wa 1964 Sténuit na Jon Lindbergh walikaa siku mbili kwa metre 132.

Link aliendelea na vyombo vya kuzama. Kile kilichojulikana sana ni Johnson Sea Link, cha mwaka wa 1971. Mbele kilikuwa na chumba cha muviringo cha plastiki safi kama kioo, cha watu wawili. Nyuma kilikuwa na chumba cha alumini cha wazamiaji wawili.

Juni 1973

Tarehe 17 Juni 1973, karibu na Key West ku Florida, kile chombo kilishuka karibu na merikebu ya vita ya zamani iliyozamishwa kwa makusudi ili samaki wakae humo. Ilikuwa kazi ndogo. Ndani walikuwa watu wanne. Mumoja wao alikuwa Edwin Clayton Link, mutoto wa Edwin na Marion, mwenye miaka 31. Kwa metre karibu 110, chombo kilinaswa na nyaya za ile merikebu. Hakikuweza kutoka.

Msomaji wa mugodi hahitaji kuelezwa namna saa zile zilivyo. Juu watu wanakimbia, wazamiaji wanashuka na kurudi kwa sababu maji yana nguvu. Chini watu wanahesabu hewa. Ndani ya kila chumba kulikuwa na dawa ya kunyonya ile gazi mbaya tunayotoa tukipumua. Lakini dawa ile inataka joto kidogo. Chumba cha plastiki kilizuia baridi ya maji. Chumba cha alumini kiliipitisha yote, maana alumini inabeba baridi upesi. Nyuma, dawa ikalegea, gazi ikapanda. Chombo kingine chenye kamera kilipokuja na kuking'oa kutoka nyaya, zaidi ya siku nzima ilikuwa imepita. Wawili wa mbele walitoka hai. Clayton Link na mwenzake Albert Stover, waliokuwa nyuma, walikuwa wamekufa.

Edwin Link alikuwa na miaka karibu 69. Maisha yake yote alitafuta namna ya kuweka kosa mahali ambapo haliui, na mutoto wake akafa ndani ya chombo alichotengeneza yeye mwenyewe. Angeweza kuacha kila kitu. Alirudi ku meza ya kazi. Akatengeneza chombo kinachoshuka bila mutu ndani yake, kikifungwa kwa kamba ndefu kutoka merikebu, chenye kamera na vyuma vya kukamata na kukata nyaya, ili siku nyingine wanaonaswa chini wasingoje kama Clayton alivyongoja.

Kilichobaki

Edwin Link alikufa tarehe 7 Septemba 1981 ku Binghamton, akiwa na miaka 77. Uwanja wa ndege wa mji ule unabeba jina lake. Johnson Sea Link iliendelea kutumika miaka mingi, na mwaka wa 1986 vyombo vya aina ile vilisaidia kutafuta chini ya bahari mabaki ya Challenger, ile ndege ya anga iliyopasuka na watu saba.

Lakini urizi wake mukubwa ni ile namna ya kufundisha. Leo madaktari wanajifunza hivyo kupasua, nahodha wanajifunza kuingiza merikebu ku bandari, na katika inchi nyingi mashofere wa malori makubwa ya mugodi wanakaa kwanza ndani ya chumba kinachotikisika, mbele ya picha ya barabara ya mugodi, wakipatwa na breki zilizokatika na moto wa motere bila mutu kuumia.

Musingi wa yote yale ulikuwa mivukuto ya kinanda kilichokosa munuaji. Kijana mwenye kutengeneza redio kwa vipande vya redio tatu zilizokufa, pale kwetu ku kambi, asichekwe. Na mukubwa wa kazi anayetuma kijana mupya mahali pa hatari, ajiulize kwanza kama amemupa mahali pa kukosea bila kufa. Wale vijana wa barua wa mwaka wa 1934 hawakupewa.